Jumatatu Mbili za Kinsi

Kinsi binti Rage alikuwa na miaka kumi na miwili, meno ya mbele yaliyopishana, na mamlaka makubwa kuliko ya chifu. Usicheke. Chifu aliamuru watu wazima, nao walimtii pale tu alipokuwa anawatazama. Kinsi aliamuru watoto, na watoto walimtii hata akiwa amelala.

Yeye ndiye aliyekuwa mwenye siku. Alijua kwamba Jumanne hakuna kuruka kamba, maana ukiruka kamba Jumanne mbuzi wa kwenu atatupa mimba. Jumatano hakuna kuketi mlangoni. Jino liking'oka Alhamisi hulitupi, unalifunga kwenye ncha ya shuka mpaka Ijumaa baada ya swala, ndipo unalirushia jua. Na Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Safar, weee, siku hiyo hata kupiga mluzi ilikuwa marufuku. Watoto walikaa kimya kutwa nzima kama waliofiwa, na mama zao wakamshukuru Mungu kwa kuumba siku yenye mkosi.

Elimu hii aliipata kwa babu yake, Mzee Guleid, ambaye yeye alimwita Awoowe. Guleid ndiye aliyehesabia siku ukoo mzima kwa ajili ya Dabshid, siku ya kuwasha moto, ambayo ndiyo mwanzo wa mwaka wa wafugaji. Hesabu yenyewe si ngumu, inataka uaminifu tu. Mwaka mmoja ni wiki hamsini na mbili na siku moja juu. Kwa hiyo Dabshid ikiwa Jumapili mwaka huu, mwakani itakuwa Jumatatu, na mwaka wenyewe unaitwa kwa jina la siku hiyo. Guleid alifunga fundo moja kila wiki kwenye ukanda wa ngozi ya ngamia. Fundo la hamsini na mbili likitimia, kesho yake kila nyumba inawasha moto uani, na watoto wanauruka.

Mzee huyo alifariki mwaka 1966, katika mvua ndefu. Siku chache kabla, alimkabidhi Kinsi ule ukanda mbele ya watu, na baadhi ya wazee wakanung'unika kwamba kazi ya wanaume imepewa kitoto cha kike. Guleid akawaambia yeye anampa anayejua kuhesabu. 

Sasa vita vya shifta, waasi waliotaka upande ule ujitenge na Kenya, vilikuwa vimepamba moto. Serikali iliamua wafugaji wasitawanyike tena porini, wakusanywe vijijini, kila kijiji na ua wake wa miiba na lango lake na askari wake. Asubuhi moja malori yalikuja kwao. Waliambiwa wachukue wanachoweza kubeba, na nyumba za mikeka zilizobaki zikachomwa moto. Ukanda wa Awoowe ulikuwa umening'inia ndani ya moja ya nyumba hizo. Mama yake Kinsi, Maryan, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Alijifungulia njiani, chini ya lori, akazaa mtoto wa kike, wakamwita Kaaha.

Kijiji walichopelekwa kilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka Garissa. Walipofika tu, Kinsi akashikwa na homa, akalala akiweweseka. Alipoinuka watoto walikuwa wanamngojea nje, Bishara akiwa mbele. Huyu Bishara alikuwa wa umri wake, mrefu, mdomo wake haukuwa na breki, na kwa muda mrefu alikuwa akikitamani kile cheo.

"Ukanda uko wapi?" akauliza Bishara. "Au siku zetu nazo zimeungua?"

Kinsi alipaswa kusema ndiyo, zimeungua. Badala yake aliingiza mkono kifuani, kama anayekishika kitu, akasema, "Ninao. Niliuficha."

Basi uongo ukaanzia hapo. Jioni ile aliomba kipande cha ukanda kwa mshona viatu mmoja, akakipaka samli na majivu kikaonekana kikuukuu, akakaa nyuma ya nyumba akafunga mafundo upya kwa kukumbuka. Alikumbuka vizuri mpaka siku ya malori. Tatizo lilikuwa homa. Je, alilala wiki moja au wiki mbili? Angeweza kumuuliza mtu, lakini angeulizwa kwa nini anauliza, na ukanda anao. Akafunga mafundo mawili. Roho ikamsuta, akaiambia inyamaze.

Pengine ungeishia hapo, uongo mdogo wa mtoto. Lakini mama yake naye alikuwa anahesabu.

Maryan alikuwa amezika watoto wawili kabla ya Kaaha, wote wachanga. Wa kwanza, mwaka wake walikuwa safarini, Dabshid ikawapita hawakuwasha moto. Wa pili, moto uliwashwa lakini mvua ikaja ikauzima kabla hajapitishwa juu yake. Kwa kawaida mtoto mchanga hupitishwa juu ya moto wa Dabshid mikononi mwa mtu, ili aingie mwaka mpya akiwa ameyaacha ya mwaka wa zamani. Wale wawili hawakupitishwa, na wote wawili hawakumaliza mwaka. Mweleze Maryan utakalomweleza, hilo hakuna aliyeweza kulitoa kichwani mwake. Sasa Kaaha alikuwa na miezi minane na kikohozi kisichomtoka. Kila usiku Maryan alimsikiliza akivuta pumzi, na kila asubuhi aliuliza swali lilelile.

"Hooyo, yamebaki mafundo mangapi?" Hivyo ndivyo mama wa Kisomali humwita mwanawe, "mama".

"Sita," Kinsi akajibu. Kisha matano. Kisha matatu. 

Wazee wa kijiji walikuwa wameiacha Dabshid ya mwaka ule. Walitoka koo mbalimbali, kila mmoja na hesabu yake iliyovurugwa na malori, na kila walipokaa kuijadili walimalizia kwa kugombana. Shekhe naye alisema mambo ya kuruka moto ni ujinga wa kale. Halafu kulikuwa na amri. Moto wa kupikia uwe ndani ya nyumba, kwa saa zilizowekwa. Moto wa uani, hakuna, kwa sababu moshi ni ishara ya kuwaita shifta. Wazee wakasema, potelea mbali, tutawasha tukitoka hapa.

Maryan hakuwa na subira ya kutoka hapo. Fundo moja lilipobaki, alimbeba Kaaha, akamchukua Awil, kijana aliyewahi kufanya kazi dukani Garissa na kwa hiyo akijua Kiswahili, wakaenda langoni kwa Koplo Kilonzo.

"Afande," Awil akaanza, "huyu mama iko na shida kidogo. Nataka washa moto, watoto naruka. Siku moja tu. Ni kama Krismasi yetu sisi, bana."

Koplo alicheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. "Moto? Nje? Mnataka kumwita nani?"

Awil akatafsiri.  Maryan alimwinua Kaaha, akamsogeza karibu na uso wa Koplo, na mtoto kama aliyeambiwa akakohoa kile kikohozi chake cha kukwaruza. Koplo alikuwa na wanawe kule Machakos. Alimtazama yule mtoto muda mrefu.

"Moto mmoja," akasema mwishowe. "Narudia, mmoja. Saa kumi alasiri, dakika ishirini, mimi mwenyewe nimesimama hapo. Nikiona mtu anawasha wa pili, mgao wa unga wa kijiji kizima nasimamisha. Siku gani?"

Awil akamgeukia Maryan, Maryan akamgeukia binti yake aliyekuwa amesimama nyuma akishika ncha ya guntiino, nguo aliyojitanda mama yake. Wote watatu walimtazama Kinsi.

Ilikuwa nafasi yake ya kusema. Angesema, mama, sijui, ni Jumatatu hii au Jumatatu ijayo. Lakini mama yake alikuwa anatabasamu, na Kinsi hakuwa ameliona tabasamu lile tangu siku ya malori.

"Jumatatu hii," akasema.

Jumatatu hiyo watoto walioga wote, jambo ambalo lenyewe lilikuwa muujiza kwa maji yale ya kupimiwa. Rage, baba yake Kinsi, ambaye kama wanaume wengine alipelekwa kila siku kufyeka kando ya barabara, alirudi na fimbo saba kavu chini ya kanzu. Moto ukawashwa. Koplo Kilonzo alisimama pembeni na saa mkononi, askari wawili nyuma yake.

Sheria ya moto ule kila mtoto aliijua. Unaanza mdogo, unamalizia mkubwa. Kabla ya kuruka unataja kwa sauti kitu unachokiacha katika mwaka wa zamani. Mwenye siku huruka wa mwisho. Moto usipozimika ni uleule, hata ukihamishwa. Na mtu akiruka huku amebana uongo wa mwaka ule moyoni, moto unamjua, na unaharibikia wote. Sheria hii ya mwisho Awoowe hakuisema. Kinsi aliitunga mwenyewe miaka miwili nyuma, ili amkamate Bishara aliyemwibia kitana. Ilifanya kazi, Bishara akakiri huku analia, na tangu siku hiyo ikawa sheria kama zilizoitangulia.

Maryan alitangulia na Kaaha. Alimpitisha juu ya moto mara tatu, akamtajia kikohozi, na machozi yakamtiririka bila aibu yoyote mbele ya askari. Kisha wakaja wadogo.

"Naacha chawa!" akapiga kelele mmoja, akaruka.

"Naacha kukojoa mkekani!"

"Muongo!" wenzake wakamjibu, na watu wazima wakavunjika mbavu.

"Naacha kumwibia ayeeyo sukari!"

Nyanya mmoja akaguna kutoka nyuma. "Kumbe ni wewe!" Hata Koplo, alipotafsiriwa hiyo, alificha mdomo kwa kiganja.

Bishara akaacha wivu, au ndivyo alivyosema. Kisha ikawa zamu ya Kinsi.

Alijifunga shuka kiunoni. Alikuwa ameandaa cha kusema, angesema anaacha uvivu wa kuchota maji. Akakimbia hatua tatu, akasimama ghafla mbele ya moto. Fikiria hali yake. Mtu wa kumshtaki hakuwepo. Mama alikuwa na furaha, mtoto amepitishwa, dunia ilikuwa sawa. Lakini ile sheria alikuwa ameisema mara nyingi sana, kwa sauti ya ukali sana, mpaka na yeye mwenyewe alikuwa anaiamini. Kama ataruka na uongo wake, moto utaharibika, na Kaaha alikuwa amepita humo humo.

"Naacha uongo," akasema. Sauti ilitoka kama ya paka. "Ukanda wa Awoowe uliungua. Huu nilifunga mwenyewe. Nilipokuwa na homa sikujua ni wiki moja au mbili. Dabshid ni leo, au ni Jumatatu ijayo. Sijui. Wallahi sijui."

 Awil alifungua mdomo amtafsirie Koplo, akaufunga. Maryan alimtazama binti yake kwa jicho ambalo Kinsi angeona afadhali apigwe. Hakumpiga. Alimfunika Kaaha uso, akageuka, akaingia nyumbani.

"Muda umekwisha," akasema Koplo Kilonzo. "Zimeni."

Askari mmoja akaja na beleshi la mchanga. Na hapo, kwa haraka ambayo hakuna aliyeitarajia, Bishara alichomoka kwenye kundi la watoto akiwa na kile chetezo cha udongo cha kufukizia udi, ambacho kila nyumba ya Kisomali inacho. Akapiga magoti, akachota makaa mawili kwa mikono mitupu, akayatia ndani huku akipuliza vidole na kutukana.

"Umekaa tu unatoa macho!" akamfokea Kinsi. "Si wewe uliyesema moto ni uleule kama haujazimika? Afande amesema moto mmoja. Basi ni huu huu. Tutaulisha mpaka Jumatatu ijayo."

Mchanga ukamwagwa juu ya ule mkubwa. Koplo aliona mtoto ana chetezo, akaona ni udi tu, akaenda zake.

Siku saba si mchezo kulisha makaa mawili katika kijiji ambacho kuni hutoka porini mara mbili kwa wiki, chini ya bunduki. Watoto waligawana zamu. Waliokota mavi makavu ya mbuzi, ambayo huungua polepole bila ndimi za moto. Waliiba vijiti kwenye uzio, waliomba vumbi la mkaa. Chetezo kilihama nyumba hadi nyumba, na kila mama aliyeletewa alikipokea bila kuuliza, akakiweka karibu na kichwa chake. Tangu siku ile ya kuungama hakuna mtoto aliyemcheka Kinsi. Walikuwa na kazi.

Lakini Maryan hakusema naye. Alimpa chakula, alimpa maji, maneno hakumpa hata moja. Kaaha alikohoa vilevile. Kinsi alilala upande wa ukuta akimsikiliza, akijiambia kwamba mtoto akifa, yeye ndiye aliyemuua. Alilia chini ya shuka mpaka macho yakavimba, na mchana akaenda kupuliza makaa.

Alhamisi gari la serikali lilishambuliwa barabarani. Langoni pakafungwa, hakuna mtu kutoka, hakuna kuni. Ijumaa vijiti vikaisha, mavi ya mbuzi yakaisha. Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya Kinsi, na ndani ya chetezo lilibaki kaa moja, jekundu katikati na jeupe pembeni, dogo kuliko kokwa ya tende. Alichana ncha ya shuka lake akalisha. Ikalika, ikaisha. Akachana nyingine.

Mama yake alikuwa ameketi upande wa pili wa nyumba akimnyonyesha Kaaha. Alitazama kwa muda. Kisha akamlaza mtoto, akainuka, akatoa chini ya mikeka kile kigogo cha mti alichokuwa akilalia kichwa Mzee Guleid, kilichochongwa na kung'aa kwa miaka arobaini ya usingizi wa mtu mmoja. Ndicho pekee walichookoa cha mzee huyo. Akakiweka juu ya jiwe, akakipasua kwa shoka pigo moja, la pili, la tatu. Akasogeza vipande mbele ya binti yake.

"Puliza," akasema.

Kinsi akapuliza. Machozi yakaingia kwenye majivu, na mama yake akamsogeza kidogo kwa bega. "Si hapo, hooyo. Utauzima. Lilia pembeni."

Jumatatu alasiri watoto walikiweka chetezo uani, wakapanga mstari, wakakiruka mmoja mmoja kuanzia mdogo. Moto wenyewe haukufika kimo cha kiatu. Koplo Kilonzo alikuja kutoka langoni, akasimama, akakuna kichwa chini ya kofia.

"Wanafanya nini tena hawa?"

"Naruka udi, afande," akasema Awil. "Mchezo tu."

Koplo aliangalia watoto, akaangalia chetezo, akaangalia yule mama mwenye mtoto wa kikohozi aliyesimama kwenye mstari pamoja na watoto, mtu mzima na heshima zake, akingoja zamu. Sijui alielewa nini. Aligeuka akaangalia upande wa barabara, na hakugeuka tena mpaka walipomaliza. Zamu ilipofika, Maryan alimtia Kaaha mikononi mwa Kinsi. "Mpitishe wewe," akasema.

Hayo yangetosha. Lakini Alhamisi lililetwa lori la watu wengine kutoka upande wa Habaswein, na ndani yake alikuwemo Mzee Nuh, mjuzi wa nyota na siku, ambaye hata marehemu Guleid alikuwa akimwita mwalimu. Habari zikaenda mbio. Watu wakamzunguka pale alipokaa kwenye mzigo wake, vumbi bado usoni, na wazee wa kijiji wakamuuliza wakati mmoja: Dabshid ilikuwa lini hasa, Jumatatu iliyopita au ile ya kabla yake?

Mzee Nuh akafumba macho, akahesabu kwa vidole, akafumbua. "Si hiyo wala hiyo," akasema. "Ilikuwa Jumatatu iliyozitangulia zote mbili."

Bishara alishika mdomo. Jambo hilo Kinsi hakuwahi kulifikiria hata mara moja, kwamba wiki alizolala zilikuwa tatu. Watu wote wakamgeukia Maryan.

Maryan alikuwa amemweka Kaaha kiunoni, Kaaha yule yule ambaye, kwa taarifa yako, ni nyanya wa wajukuu sita leo mtaani Garissa, lakini siku ile alikuwa bado anakohoa na hakuna aliyejua. Alimtazama yule mzee kwa adabu zote.

"Adeer," akamuuliza, yaani ami, "kwenu mliwasha moto?"

"Hatukuwasha, binti yangu. Tulikatazwa."

"Basi mwaka wenu haujaingia. Wa kwetu umeingia mara mbili." Akamwekea Kinsi mkono kichwani, mbele ya kila mtu. "Mwenye hesabu ya hapa ni huyu. Ukitaka kujua leo ni siku gani, muulize yeye."

Kisha akampa Kinsi mtoto ambebe, akaenda kumchemshia mgeni chai.